Mshitaki wa Mtaa wa Juu

Harufu ya mawese yakichemka huingia kwenye nguo na nywele na kukaa humo kama mgeni aliyenogewa. Ichanganye na ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa juani, nawe umeshafika Rumonge ya utoto wangu, enzi za Mdachi. Wenzangu waliijua Rumonge kwa miguu. Walikwenda Minago katika mitumbwi ya baba zao na kurudi na uongo wa kutosha wiki nzima. Mimi niliijua kwa masikio. Nilikuwa mtoto wa uani. Mama alisema siku akinisahau mvuani nitatoa majani kama muhogo, nami sikuona ubaya wowote, maana wigo wetu wa matete ulipakana na uwanja wa kuanikia ndagala, na wanawake wa Rumonge hawakuanika samaki tu pale.

Kila Idi wanawake wa mitaa miwili walicheza ngoma ya baraza. Ilikuwa ngoma na kesi kwa pamoja. Mmoja alijifunga mto tumboni akawa Bwana Shauri, mwamuzi wa kesi, akinguruma kama Mdachi mwenye kiungulia. Wengine walishika michi wakawa askari. Mkubwa wa wote alikuwa Mshitaki. Huyo alisimama katikati akauimbia mtaa wa pili makosa yao ya mwaka mzima: nani aliuza mawese yenye maji, nani alitorokwa na mume akasema amesafiri. Mtaa ulioshitakiwa ulipaswa kujibu kwa wimbo papo hapo. Ukishindwa, umehukumiwa, na wanawake wake watafagia uwanja wa wenzao kila asubuhi mpaka Idi nyingine. Kwa hiyo wimbo wa Mshitaki ulifichwa kuliko dhahabu. Ulifundishwa ndani, mlango umefungwa, huku mtu akitwanga ili majirani wasisikie.

Sisi tulikuwa mtaa wa juu, na Mshitaki wetu tangu kabla sijazaliwa alikuwa shangazi yangu Mwamini. Mwaka ule wakamtoa. Wakubwa wa ngoma walimpa nafasi yake Tatu, mke wa mfanyabiashara mmoja, aliyetoka Ujiji na shingo ndefu na mwendo wa kujua kwamba anatazamwa. Shangazi alirudi nyumbani, akakaa kwenye mkeka wake, akaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Waliosema ni wapenzi wa ngoma, ambao hawakuwahi kuimba hata mara moja na ndiyo maana walijua kila kitu. Uwanjani hapakukalika. Bi Hidaya, jirani yetu, alikuwa upande wa Tatu. Mama alikuwa upande wa wifi yake. Walianika ndagala wamepeana migongo, wakirushiana maneno juu ya mabega. Hidaya alisema watu hawatoki majumbani kwao kutazama mwanamke anayepumua kama mvukuto. Mama akajibu kwamba Tatu ni shingo tu, na kama shingo ndiyo sauti, basi akaimbe korongo. Hapo Hidaya akageuka, akasema lile neno ambalo nililisikia nyuma ya matete na shangazi akalisikia juu ya mkeka wake.

“Sauti ya Mwamini iko, mama watoto. Mwili ndio hauko tena.”

Mama akaweka ungo chini. Akamtaka Hidaya aonyeshe huyo Tatu anaimbaje, kama kweli anaimba. Hidaya akaonyesha. Aliimba shitaka lote, mwanzo mpaka mwisho, kwa madaha ya Ujiji. Mama akacheka, akasema sasa sikiliza Mwamini angeliimbaje, akalirudia lote, kwa kishindo, na mikono kiunoni. Wengine wa kwetu wakaingilia, kila mmoja akisahihisha kituo hiki na pumzi ile. Hatua chache kutoka hapo walikuwa wanawake wa mtaa wa chini, wakigeuza ndagala zao. Niliwaona kupitia tundu langu la wigoni. Walikuwa wameacha kugeuza. Kunguru walitua juu ya samaki wao wakala watakavyo, na hapakuwa na hata mmoja aliyeinua mkono kuwafukuza. Nikawaza tu, hawa nao ni wavivu kama mimi.

Siku ya Idi zamu ya kuanza ilikuwa yao. Mshitaki wao akasimama, akatuimbia wimbo wetu. Makosa yote tuliyowaandalia walitubandika sisi, hata Mshitaki wao alikuwa na ile mikono kiunoni ya mama. Tatu alisimama na shingo yake, hana cha kujibu, kwa sababu alichofundishwa kilikuwa kimeshaimbwa. Mtaa mzima ukageuka kumtazama shangazi. Hidaya mwenyewe akaja, akapiga magoti mchangani, akamwomba kwa jina la mama yake aingie atuokoe.

“Mwamini hayuko hapa,” shangazi akamjibu, bila kunyanyuka. “Si mlisema mwili hauko tena?”

Bwana Shauri akanguruma, akatuhukumu.

Kesho yake alfajiri shangazi alichukua ufagio kama wenzake wote. Akafagia mchanga wa mtaa wa chini, na huku anafagia akaimba lile jibu, zima, kali, la kuwanyamazisha mpaka wajukuu. Alikuwa nalo tangu jana. Hakuna aliyethubutu kumtazama usoni. Tatu alifagia kando yake na machozi ya hasira yanamdondoka, na mama hakuongea na Hidaya mpaka mmoja alipomzika mwenzake. Kisasi hatukupata. Kabla ya Idi nyingine vita viliingia, Wabelgiji wakaja, na ngoma ya baraza haikuchezwa tena.

Siku hizi waimbaji wamo ndani ya redio, na wajukuu zangu wanagombana juu yao kwa chuki ileile: huyu amezeeka, yule ni sura tu. Juzi mmoja alisimama uani kumwonyesha mwenzake jinsi wimbo unavyopaswa kuimbwa. Nikawaambia wapunguze sauti, majirani wanasikia. Wakacheka, wakaniuliza, bibi, nani ataiba wimbo wa redio. Nikasogea polepole kwenye wigo, nikachungulia. Mke wa jirani alikuwa ameketi kando ya ndagala zake, ametulia kabisa, na kunguru walikuwa wanakula.