Nilimfundisha Mwanangu Kuosha Maneno ya Mama Yake

Nimekosa, na leo sitafuti pa kujificha. Najua wapo waliokunywa ada za watoto, na wapo waliotembea nje ya ndoa. Mimi sikunywa wala sikutembea. Mimi nilimziba mdomo mke wangu ndani ya nyumba yake mwenyewe, tena nikajiona baba bora kuliko wote pale mtaani kwetu Bredäng. Majina nimebadilisha, maana sisi wa Kiswahili hapa Stockholm tunajuana.

Nilikuja huku kusoma. Mimi ni mtu wa Tanga, na Kiswahili ndicho kitu pekee nilichowahi kuringia. Chuoni nikaandika tasnifu kuhusu maneno ya Kiingereza yaliyokufa, yale ya usafi na uungwana. Msicheke, ni somo kweli. Zamani wasomi wa Kiingereza waliona lugha yao ni ya kishamba, wakaenda kukopa Kilatini ili ing'ae. Wakaleta mundify, kusafisha, hasa kidonda. Wakaleta elimate, kupiga msasa mpaka kitu kiwe laini. Hata neno defecate lilianza kwa heshima zake, maana yake kuchuja kitu mpaka machicha yabaki chini. Leo ni la chooni.

Mengi ya maneno yale yalikufa na usafi wake. Watu wa sokoni na bandarini waliendelea kuchanganya chochote walichookota, na Kiingereza chao ndicho kilichoenea dunia nzima. Hayo niliyajua. Niliyaandika kwa mkono wangu, nikapewa alama nzuri, kisha nikaenda nyumbani nikafanya kinyume chake.

Mke wangu, Mama Neema, nilikutana naye kwenye sherehe ya ubatizo Skärholmen. Ni Mkongo wa Uvira, alikuja kama mkimbizi, na kazi yake ni kuhudumia wazee majumbani. Siku ile alinisikiliza kidogo, akaniambia, "Weye unasemaka kama redio." Nilicheka mpaka nikajimwagia soda. Kiswahili chake ndicho kilichonivuta kwanza, kabla hata sijamtazama vizuri. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tukaoana, na binti yetu Neema alipoanza kuongea, nikatoa amri. Kiswidi atakipata chekechea bila kuombwa, nikasema, lakini nyumbani asikie Kiswahili kimoja tu, kilicho safi. Yaani changu. Tena nikatunga na desturi, nikaona ya kiungwana sana: mtu akisema neno "chafu" mezani, mwenzake anamwambia "Lioshe," naye analirudia kwa usanifu.

Basi Mama Neema alikuwa akiita kutoka jikoni, "Neema, kuya tukule, bugali inapola!"

"Lioshe," nasema mimi, nimeshakaa.

"Haya, mwalimu. Neema, njoo tule, ugali unapoa." Mwanzoni alikuwa anasema hivyo huku anacheka.

Mimi mwenyewe nikitoka kazini, ghalani Jordbro, ambako ndiko tasnifu yangu ilikonifikisha, nilikuwa naingia ndani nasema, "Leo wamenipa kvällspass," badala ya zamu ya jioni. Hakuna aliyeniambia nilioshe. Nyani haoni kundule. Na hilo neno safi ninalolipigia kelele, si tulilichukua kwa Waarabu? Nililijua hilo pia.

Mtoto hujifunza haraka. Alipofika miaka sita, Neema alikuwa anamkamata mama yake kabla yangu. "Mama, lioshe." Nami napiga makofi. Tukienda kwenye sherehe za Watanzania wenzangu, watu wanamzunguka. "Huyu kazaliwa Sweden kweli? Mbona anatushinda sisi!" Nilivimba kichwa. Mama Neema alikuwa pembeni anagawa sahani, na sikumbuki hata mara moja niligeuka kumtazama uso.

Kicheko chake kikaisha. Sikujua kiliisha lini. Nilichogundua ni kwamba ameanza kumsemesha Neema Kiswidi. "Kom och ät," ndivyo alivyomwita kuja kula. Nilimuuliza mbona ananivurugia mtoto. Akajibu kwamba akisema Kiswidi hakuna wa kumwambia akioshe. Kiswidi changu mimi ni cha kubahatisha, na yeye alijua hivyo. Nikamwambia anasusa kitoto.

Sasa sikieni nilipoharibu kabisa.

Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa kule Uvira. Jumapili moja mchana dada yake Mama Neema akapiga simu ya video. Mama mkwe alikuwa ameegeshwa kwenye mito, amekonda, kitenge kimefika kidevuni. Alikuwa hajawahi kumshika mjukuu wake. Mama Neema akamkalisha Neema mbele ya simu.

"Neema, mutoto yangu," bibi akasema, pumzi ikikatika. "Uko muzuri? Minakukumbukaka siku yote."

Neema akatabasamu. Akanitupia jicho kwanza, kama afanyavyo akitaka sifa. Kisha akasema, "Bibi, lioshe."

Jamani, mtoto hakuwa na ubaya. Kwake ule ulikuwa mchezo wa nyumbani, na alikuwa anamkaribisha bibi yake aucheze.

Bibi akasogeza sikio. "Mutoto anasema nini?"

Mama Neema hakunitazama. Akasema, "Anasema anakupenda, Mama. Anasema utapona."

Bibi akacheka kidogo, akatubariki, wakakata simu. Neema akakimbia chumbani kuchezea wanasesere wake. Nami nikabaki pale kochini. Mama Neema akaiweka simu mezani taratibu.

"Baba Neema," akasema, "mama yangu haiko muchafu."

Mungu anisamehe. Nitawaambieni ukweli kwa sababu ndiyo maana ya kuungama. Kichwani mwangu, wakati ule ule, nililiosha: si mchafu. Uchungu ule wote wa mke wangu, na kitu cha kwanza nilichokishika ni sarufi.

Mama mkwe alifariki kabla hatujapiga simu tena. Maneno ya mwisho aliyoyasikia kwa mjukuu wake yalikuwa uongo wa huruma wa binti yake. Ndugu zake wa huku walikuja kukaa matanga sebuleni kwetu, wakalia na kuimba kwa Kiswahili chao, na mimi nikabeba viti. Neema alikaa kwenye kona hadi watu walipotawanyika. Hakujua amwitikie nani kwa namna gani.

Mke wangu hajaniacha. Pengine ingekuwa nafuu. Tangu msiba ule ananisemesha Kiswahili sanifu, kila siku, bila kukosea hata mara moja. "Chakula kipo tayari." "Nitachelewa kurudi." Anaongea nami kama karani wa dirishani. Na Neema, yule aliyekuwa fahari yangu, sasa ni msichana wa miaka kumi na minne, na hasemi Kiswahili chochote, kichafu wala kisafi. Nikimsemesha ananijibu Kiswidi, macho kwenye simu yake.

Juzi nilikuwa sokoni Skärholmen, nikasikia kicheko nyuma ya meza za mboga. Nilikitambua kabla ya kugeuka. Alikuwa Mama Neema na Wakongo wenzake wawili, wanabishania sombe, kisamvu cha kwao, Kiswahili na Kifaransa vinamwagika, mikono hewani. Nilisimama nikasikiliza kama mtu aliyeibiwa redio yake akaisikia inaimba kwa jirani. Aliponiona akashusha mikono. Akawageukia wenzake, akawaambia kwa usanifu kabisa, "Samahani, mume wangu amefika."

Njiani nilimwomba. Nilisema, Mama Neema, nimekosa, ongea nami unavyoongeaga. Hata nilijaribu mwenyewe, nikamwambia, "Kuya tukule pamoja leo." Ilitoka vibaya mdomoni mwangu, kama kiatu cha mtu mwingine.

Akanitazama kwa upole. Huo upole ndio ulionimaliza. "Ahsante, Baba Neema," akasema. "Lakini nimeshazoea."

Wewe unayesoma, uliyeoa au kuolewa na mtu wa Kiswahili kingine, ukamsikia anamwita mwanao kwa sauti ya kwao, usimsahihishe. Funga mdomo wako, nawa mikono, nenda kale. Kwangu mimi chakula kinatengwa kila siku, na hakuna mtu anayeitwa.