Maharagi ya Bauma Juu ya Kilima

Nakumbuka siku moja ya baridi kule Kingi, wakati wa Wabeleji, Mwanangu, siku ambayo ilibaki kidogo tu nikose mke kwa sababu ya sufuria ya maharagi. Mwenye kosa namutaja hapa hapa: ni Bauma, rafiki yangu, mutoto wa jirani. Akisikia haya akasirike, mimi nilishakasirika zamani.

Ilikuwa kiangazi, miezi ile ambayo asubuhi vidole vinakataa kushika jembe. Kapita, musimamizi wetu wa kazi ya barabara, alikuwa ametuachilia siku moja. Saa kumi baba yangu alikuwa anipeleke kwa wazazi wa Furaha, wanitazame vizuri mbele ya kukubali posa. Mama alikuwa amenifulia shati nyeupe, ile moja niliyokuwa nayo. Bauma akafika nikiwa nimeshaivaa.

"Kaka, twende juu ya kilima. Leo tutaona ziwa lote mpaka Goma."

"Na wakwe zangu?"

"Saa sita tumesharudia. Chakula iko kwa mufuko, mimi njo nimebeba."

Tukapanda. Kilima ni kidogo, mbuzi anakipanda akitafuna. Sisi tulifika tukihema, meno yakigongana, na badala ya ziwa tukaona ukungu. Ukungu mbele, ukungu nyuma. Bauma akaunyooshea kidole, akasema Goma iko pale.

Nikaomba chakula. Akatoa sufuria na maharagi makavu.

Usicheke bado, maana na mimi sikucheka. Nilikula maharagi tangu meno ya kwanza, lakini sikuwa nimeyaona yakitiwa motoni. Mama aliyaweka sisi tukiwa tungali tumelala. Tukirudi shambani, yameiva. Wote wawili tuliamini yanaiva kwa muda wa kunawa uso.

Tukashuka kuchota maji kijitoni, tukapanda tena. Kuni zilikuwa na umande, nikazipuliza mpaka shati ikageuka rangi ya jivu. Maji yalipopungua Bauma alimimina mengine, ya baridi ile ile ya kijito.

"Iko karibu kuiva, kaka."

"Iko karibu tangu asubuhi."

"Uko na maneno mingi. Njo maana haiivi."

Jua lilipoanza kuinama tukayala hivyo hivyo, yakilia mudomoni kama changarawe. Kisha nikashuka mbio, mara kwa miguu, mara kwa matako.

Baba alinikuta njiani kwa wakwe. Alitazama shati, akatazama mbingu, akatangulia. Tukaingia. Papa Muhindo, baba yake Furaha, akasimama kuombea chakula. Katikati ya sala tumbo langu likaunguruma, refu, likanyamaza, likarudia. Papa Muhindo akafungua jicho moja. Mama Furaha akafunua sahani mbele yangu: maharagi.

Mukono wangu ulikataa kwenda.

"Unachukia chakula yangu?" akauliza Mama Furaha.

Kukataa chakula cha mama mukwe ni kukataa binti. Baba akakohoa. Nikaona afadhali aibu kuliko kumukosa Furaha, nikasema yote: kilima, ukungu, Bauma, maji ya kijito. Mama Furaha akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akapangusa macho.

"Muntu anaomba mutoto wangu, na hajui maharagi inakaa kwa moto saa ngapi. Utarudi hapa, utayapika wewe. Yakiiva, tutaongea."

Nikarudi, kungali giza la asubuhi, nikakaa jikoni kwake macho yakitoka machozi ya moshi. Furaha alipita mara moja tu, akaninong'oneza, "Usiongeze maji ya baridi. Yanakaidi." Yaliiva jua likiwa kichwani. Papa Muhindo akala, akaomba aongezewe, na posa ikapokelewa.

Basi, Mwanangu, kabla ya kumufuata muntu mulimani, fungua mufuko wake mukiwa mungali nyumbani. Kabla ya kuoa, keti karibu na moto siku nzima, ujue kile unachokula kimetokea kwa uchovu wa nani. Na ukikosea mbele ya wakwe, sema ukweli mapema, tumbo lisije likasema kabla yako.

Bauma angali anakuja kwetu. Haji na kuni hata moja mukononi, hafiki mapema. Anafika maharagi yakiiva, siku zote, na kuwaambia watoto wangu kwamba yeye njo alinifundisha kupika.

Mungu akupe nyumba yenye moto na mwenzi anayecheka. Akupe na rafiki mwema. Ukimukosa, njoo, nitakupa Bauma.