Bi Nyamaza

Mdogo wangu Tofiki ana wazimu wa samaki, na sisemi kwa kumtukana, maana nimemlea mwenyewe. Watu wa Tiwi wanafuga mbuzi, wanafuga kuku, na samaki wanamjua akiwa sufuriani. Yeye kafuga samaki wa Ziwa Nyasa, wa manjano kama embe bivu, tena chumbani anamolala na mkewe. Nilimwuliza siku ya kwanza, "Hawa wanaliwa?" Akacheka. "Dada Muhsina, hawa wanatazamwa." Kutazamwa! Haya.

Wazimu huo aliupata Diani, kwenye hoteli alikokuwa akisafisha mabwawa ya kuogelea na tangi la kioo la pale mapokezi. Hoteli ilipofungwa, wenzake waliondoka na magodoro na viti. Yeye akapanda tuktuk na samaki kwenye ndoo, kaifunika kwa shati lake, kifua wazi mpaka nyumbani. Tangi alilitengeneza mwenyewe kwa vioo vya madirisha na gundi. Maji yetu ya kisima, haya yanayoacha ukoko mweupe sufuriani, sisi tunayalalamikia kila siku. Samaki wale ndiyo waliyoyataka.

Mkewe, Husna, hakumkataza. Mimba zake zote zilitoka, na majirani walikuwa wamemsema mpaka wakachoka wenyewe. Sasa, kumbe samaki hawa wana jambo lao. Jike akitaga, huyaokota mayai yake kwa kinywa akayahifadhi humo humo. Yanaangulika humo, vitoto vinakua humo, na mama muda wote huo hali kitu, kafumba mdomo, mashavu yamemtuna. Husna alipoliona hilo mara ya kwanza alilia. Jike yule akampa jina, Bi Nyamaza. Vitoto vilipotoka alivihamishia kwenye beseni, akawa anavisagia chakula kwa vidole, na ole wako upite hapo na sabuni mkononi.

Basi figo za Husna zikafa. Alipelekwa hospitali kusafishwa damu, akarudi, akapelekwa tena, akarudi amekwisha, mikono imebaki mifupa. Tofiki akakigeuza kitanda ili alale akiwa ameelekea tangi. Wakati huo Bi Nyamaza alikuwa kafumba mdomo tena. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji ambalo Husna hakuligusa, aliposema, "Hivi nitaviona vikitoka, Tofiki. Nisipoviona, vilee wewe. Hivi ni wanangu." Tofiki akamwapia kwa Mungu kwamba atavilea.

Husna alifariki siku ya Ijumaa. Tulimzika jioni ile ile. Bi Nyamaza alikuwa bado hajafungua mdomo.

Mnajua msiba wa kwetu. Turubai uani, wanaume nje, wanawake ndani wamelala kwenye mikeka, bega kwa bega. Mama yake Husna, Bi Waridi, alikuja kutoka Msambweni na dada zake, nasi tukawapa chumba kile kikubwa, chumba cha tangi. Mvua zilikuwa zimenyesha na mbu walikuwa wengi ajabu. Asubuhi watoto waliamka nyuso zimevimba. Shangazi mmoja akasema, si kwa ubaya, "Jamani, nyumba hii haina hata dawa ya mbu?"

Haina, kwa sababu Tofiki aliipiga marufuku. Ile pampu ya samaki huvuta hewa ya chumbani ikaisukuma majini. Ukipuliza dawa chumbani, umeipuliza ndani ya tangi. Sisi wa nyumba hii tunalijua hilo kama tunavyoujua mlango. Lakini utamwambiaje mtu aliyekuja kukulilia mkeo kwamba aliwe na mbu kwa ajili ya samaki? Mgeni wa msiba hanyimwi. Nilimwona Tofiki amesimama na kofia mkononi. "Pulizeni," akasema.

Jioni, wanawake wakiwa wote uani, akaingia. Akazima pampu, akalifunika tangi kwa karatasi ya nailoni, juu yake akatandika leso ya Husna. Akapuliza mwenyewe, akafunga mlango. Akaniambia, "Dada, nikirudi kutoka msikitini nitafungua madirisha, hewa ikishakuwa safi nitawasha. Watastahimili." Mkwewe alikuwa bafuni akitawadha. Na hata angekuwa hapo, Tofiki angemwambia nini? Huyu hajawahi kumtazama mkwewe usoni tangu alipooa, sembuse kumwelekeza chumbani alimolala usiguse hiki na kile. Aliliacha hilo kwangu, nami niliitwa kwenye masufuria ya wali kabla sijamwambia.

Bi Waridi aliingia kuchukua msala. Akaikuta leso ya mwanawe juu ya tangi, akaibusu, na akaona mapovu hayapandi. Husna alikuwa amemwonyesha: mapovu yakikoma, mama, samaki wanakufa. Masikini wa Mungu, akaiwasha pampu.

Tofiki aliporudi tuliingia pamoja. Samaki walikuwa wakizunguka kwa ubavu, wengine wamekwisha pinduka. Bi Nyamaza alikuwa chini kwenye mchanga, mdomo wazi, na vile vitoto vyake vimetoka vyote, vidogo kama punje za mtama, havitikisiki. Mdogo wangu akatia mkono majini mpaka begani. Hakumlilia Husna mbele ya watu, lakini pale alilia kwa sauti, nami nikamfunga mdomo kwa mtandio wangu, maana mkwewe alikuwa ukumbini anasali. Tuliwazika nyuma ya choo. Wageni tuliwaambia wamepelekwa Diani kwa rafiki.

Siku ya arobaini Bi Waridi alikuja tena. Baada ya hitma akamwita Tofiki, naye akakaa chini mlangoni, macho kwenye mkeka.

"Wale wana wa Husna, hawajambo huko?"

"Hawajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Sikukwambia, baba. Siku ile niliikuta pampu imezimika, na harufu ya dawa imejaa, nikakohoa mpaka nikaona nyota. Nikaiwasha. Nisingeingia mimi wangekufa wote." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Hospitalini sikuweza kumfanyia kitu mwanangu. Lakini hilo nilimfanyia."

Wallahi ulimi ulinicheza. Mimi si mtu wa kunyamaza, kila mtu Tiwi anajua. Tofiki akanitupia jicho mara moja tu, kisha akainamisha kichwa kwa mkwewe.

"Ulimfanyia, mama," akasema. "Mungu akulipe."