Matundu ya Mwaka Huu

Jiwe lenyewe ni nusu duara, limelazwa mbele ya mlango wa nyumba kongwe ya watawa wa Kibudha, kwenye kichochoro cha Mchafukoge, hatua chache kutoka Kariakoo. Limechongwa tembo, farasi, simba na ng'ombe, wakifuatana. Nimelisugua kwa makumbi ya nazi na maji matupu tangu nilipoacha shule darasa la sita, wazazi walipofariki wakaniachia mdogo wangu wa kiume. Sabuni ya unga hailigusi, ingelila. Wageni huvua viatu, huchuchumaa, hulipapasa. Wengine wametoka mbali kwa ajili yake tu. Mwalimu mmoja wa mambo ya kale alikuja na wanafunzi wake, wakalipima na kulichora asubuhi nzima.

Mwaka huu mtawa mkuu alisafiri kwenda kwao kutibiwa, ukarabati akamwachia msimamizi. Huyu akaamua mlango uwe wa kisasa, ati kwa ajili ya watalii. Fundi aliyemchukua ni mdogo wangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupewa kazi kama fundi mkuu, nami nikafurahi, nikidhani anapaka kuta rangi.

Jumatatu nikamkuta amepiga magoti, patasi mkononi. Mafundi wa marumaru huitoboatoboa sakafu ya zamani ili saruji ishike. Alikuwa ameshawatoboa tembo wawili.

"Shikamoo dada."

Sikuitikia. "Unafanya nini?"

"Si naweka marumaru. Nimezichagua mwenyewe, zinang'aa balaa."

Nikakaa juu ya jiwe, kanga na yote. Msimamizi akatoka akicheka.

"Dada wa usafi, hebu pisha. Watalii wanataka pazuri."

"Marumaru wanazo kwao mpaka vyooni. Hapa wanafuata nini, choo?"

"We mambo ya kale umesomea wapi?"

"Hapa hapa, kwa magoti. Wewe umesomea wapi mpaka huoni?"

Mdogo wangu akaninong'oneza, "Dada, unaniharibia. Nani atanipa kazi tena?"

Hilo liliniuma kuliko dharau za bosi wake. Nimemlea ili apate kazi, halafu kazi yenyewe nimeikalia. Lakini sikuinuka. Nikamwambia ampigie mtawa simu, sote tusikie. Msimamizi akakataza. Mdogo wangu akatutazama mmoja mmoja, kisha akapiga.

Mtawa alisikiliza mpaka mwisho. "Umetoboa wangapi?"

"Wawili."

"Acha, mwanangu."

Mdogo wangu akakusanya vifaa vyake, na kwa wiki nzima hakunisemesha.

Msimamizi yuko pale pale. Siku hizi huwasimamisha wageni mlangoni na kuwaambia, "Jiwe hili tumelihifadhi." Tumelihifadhi! Kila akisema hivyo naweka ndoo chini, nawaambia kwa sauti kwamba matundu yale ni ya mwaka huu, nani aliagiza, na kwamba aliyetoboa ni ndugu yangu wa damu.