Nani Alikutuma Kupima?

Siku yangu ya kwanza kazini, pale atelier, karakana ndogo ya Butembo, sikushika rangi wala gundi. Chef d'atelier, mkuu wa karakana, mwanaume mfupi aliyevaa miwani mbili kwa pamoja kila alipokata vipande vidogo, alinipa mita na kalamu ya bic, akanipeleka kwenye lori bovu lililokuwa uani.

"Masika, pima mulango."

Nikapima.

"Pima tena."

Asubuhi ile nilipima mlango uleule mara nane, na mara tatu nikapata namba tofauti. "Basi umeona," akasema. "Mukono ikichoka, mita inadanganya. Donc andika yote."

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza maquette, yaani mifano midogo ya magari ya kijeshi: malori, jeep na magari ya vyuma, kwa kipimo cha moja kwa thelathini na tano. Maana yake, sentimita thelathini na tano za gari la kweli zinakuwa sentimita moja mezani. Bodi tulikata kwenye mikebe ya maziwa, tairi kwenye kandambili kuukuu. Wateja wetu walikuwa askari waliotaka kumbukumbu ya gari waliloendesha. Kila maquette ilikuwa na fiche yake, karatasi ngumu yenye vipimo na mchanganyiko wa rangi. Yale tuliyobahatisha tuliyaandika kwa bic nyekundu, ili atakayekuja nyuma asiyaamini.

Baada ya miaka sita Chef akanituma Beni, kwenye commune ya Mulekera, nifungue atelier ya pili. Ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Vumbi la mamoto, zile pikipiki za barabarani, lilinata kwenye rangi mbichi, kwa hiyo tulijifunza kupaka rangi mvua ikisha kunyesha tu.

Nilikuwa huko Chef aliponipigia simu. Dereva mmoja wa jeshi huko Oicha alitaka maquette ya lori lake.

"Enda upime leo. Kesho anahamishwa."

"Na barua, Chef? Nikiulizwa?"

"Barua ya nini? Ni kazi ya nusu saa."

Nikaenda. Dereva alinipokea vizuri, nikapima, naye akaondoka na lori lake. Wakati wa kurudi, kwenye barrière, kizuizi cha jeshi barabarani, luteni alifungua mfuko wangu akatoa daftari. Alisoma polepole: urefu, unene wa milango, nafasi kati ya magurudumu, namba ya bampa. Halafu akafungua kurasa za nyuma, akakuta magari mengine ya miaka yote.

"Mama, haya mapima ni ya nini?"

"Ni ya kutengeneza maquette, mon lieutenant. Bigari bidogo."

"Nani alikutuma kupima?"

Nikamtajia Chef, nikampa namba. Akapiga, simu ikisikika kwa sauti kubwa. Akauliza kama anamjua mwanamke anayeitwa Masika, aliyekamatwa na vipimo vya magari ya jeshi.

Kisha nikasikia sauti ya Chef wangu: "Siye tunatengenezaka tu bidude bya mbao. Ule mama, mimi hapana mujua."

Luteni hakunipiga wala kunitukana. Alinionyesha benchi, nikakaa. Nililia kidogo, kisha nikaacha. Niliwaza watoto wangu, na nani angewaambia niko wapi.

Kama saa tisa mchana moto, pikipiki ya kukodi, ikasimama. Aliyeteremka alikuwa Chef, mwekundu kwa vumbi toka kichwani hadi miguuni, amekumbatia katoni. Ndani mlikuwa na maquette mbili na fiche zake. Aliziweka mbele ya luteni.

"Ni miye nilimutuma. Kwa simu nilisema bongo, nilidanganya. Nilimutuma bila barua. Kama ni kufunga mutu, munifunge miye."

Luteni aligeuzageuza lori dogo, akalinganisha na fiche. Akatuuliza maswali mengi, kila mmoja peke yake. Mwishowe akasema, "Mama aende. Daftari inabaki." Kazi ya miaka yangu yote ikabaki pale.

Tulipofika Mulekera Chef alisema, "Masika, nilikukana. Niliogopa." Nilifungua mlango, nikaingia ndani kufagia.

Kesho yake nilimpa sharti langu: chini ya kila fiche kuwe na mstari wenye jina la anayepima na sahihi ya anayemtuma, na sahihi iwekwe kabla mtu hajatoka mlangoni. Alichukua rula akachora mstari huo mwenyewe kwenye fiche zote zilizokuwa tupu. Tangu siku ile, mara nyingi alikataa kusaini kwa sababu njia haikuwa salama. Tulipoteza wateja, lakini hatukupoteza mtu.

Sasa nimestaafu, niko Butembo. Chef haoni tena vizuri. Jumapili baada ya ibada ninampelekea maquette za vijana, anazipapasa kwa vidole na kuniambia gurudumu gani limepinda.

Juzi aliweka lori moja dogo magotini, akaniuliza, "Masika, ulishaka kunisamehe ile mambo ya Oicha?"

"Nilikusamehe palepale, Chef, ulipoteremuka kwa moto."

"Mais hukuniambia! Miaka yote hii!"

"Ningekuambia, ungeacha kuogopa kusaini."

Alicheka hadi machozi, akanirudishia lori. "Gurudumu ya nyuma," akasema. "Waambie bapime tena."