Buti za Mmezajua

Buti! Mwanawe alikuwa amemvalisha Mmezajua buti, tena za kamba, na kamba zenyewe zimefungwa vizuri kama za mtoto siku ya kwanza shuleni.

Mama akaiweka nakala ya majaribio ya kitabu cha katuni mezani, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Buti zilikuwa palepale.

"Hivi ni vitu gani?"

"Miguu, Mama," akasema mwanawe, mtu mzima mwenye kipara kinachoanza. Alikuwa akitabasamu, maskini, akingoja kusifiwa. "Baba hakuwahi kumchora miguu. Ule moshi ulikuwa unachafua kila ukurasa, nikaufuta kwa kompyuta. Sasa anaonekana mzima mzima."

"Umeufuta moshi."

"Wote. Kitabu kinaingia mtamboni kesho asubuhi."

Lahaula! Hasira zilimpanda mpaka masikio yakamwasha. Na kabla hajamrukia huyo mtoto, ni haki mjue kwa nini.

Zamani katuni zile zilitoka kila mwezi. Shujaa wake alikuwa na joho, kifua na meno, basi. Hakuna aliyetoa hela yake kwa ajili ya meno. Watu walimnunua Mmezajua, jitu lililotoka mwisho wa anga likimeza nyota na sayari kama mtu anayekula karanga, mpaka likafika kwetu. Na kabla halijafika, moshi wake ulipenya chini ya milango. Jitu lenyewe bado liko mbali huko, moshi tayari uko jikoni kwako. Watu wazima walisoma huku wamepandisha miguu kitini.

Mchoraji alikuwa mume wa Mama. Mungu amrehemu, mkewe alikuwa bado hajaamua. Yeye mtaani waliishia kumwita Mke wa Mchoraji, dukani hivyo, kliniki hivyo. Mchana alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, kukunja karatasi na kuzipiga pini, na mashine ile ilishawahi kumtoboa kidole gumba ikamwachia kovu la mshazari. Jioni alipika, wakala, kisha wakakaa wote wawili kwenye meza hiihii, mume anachora, mke anajaza wino.

Mume alikuwa fundi wa nyuso. Miguu ilimshinda kabisa. Shujaa alimrusha hewani, miguu ikaishia nje ya kisanduku, ikawa heri. Lakini Mmezajua husimama! Kila mume aliposhuka chini ya magoti, alichora viazi viwili. Jioni moja akatupa kalamu, akatukana, akatoka kuvuta sigara. Mke akachovya kidole gumba kwenye wino, akakikandamiza juu ya viazi. Mara moja, mara ya pili, akaendelea, alama juu ya alama, mpaka likawa wingu jeusi linalotambaa. Mume aliporudi alitazama weee, kisha akasema, "Acha hivyohivyo." Asante? Thubutu!

Tangu siku hiyo moshi wote ulikuwa wake, kila toleo. Na wasomaji walipokuja nyumbani kuuliza, "Mzee, ule moshi uliupata wapi?" mume alikohoa kidogo, akaifanya sauti yake nzito, akajibu, "Ulinijia usingizini." Mkewe kasimama nyuma yake na sinia la vikombe! Mara ya kwanza alidhani ni utani. Mume akajibu hivyohivyo mpaka anazikwa.

Mke alinyamaza. Watoto walikuwa wadogo, na mume hakuwa mtu mbaya, ila alipenda sifa. Tena moshi ulikuwepo, umechapwa, kila mtu anauona. Akifungua toleo lolote, yumo. Hicho ndicho alichobaki nacho, na sasa mtoto wa tumbo lake mwenyewe amekifuta.

"Baba angefurahi," mwanawe akasema.

"Baba yako!" Akaipiga meza, chai ikaruka. "Jitu la kumaliza dunia umeligeuza mlinzi wa benki! Anavaa namba ngapi? Anamnunulia nani, mama yake? Nani atamwogopa mtu anayeinama kufunga kamba?"

"Mama, ni moshi tu..."

"Nyamaza. Sogea hapa."

Akaenda kabatini, akarudi na kurasa za asili zilizoviringishwa kwenye shuka. Akafunua moja, akamshika mwanawe kisogo, akamsogeza pua mpaka karibu iguse karatasi. Mwanawe alishaikuza picha ya ukurasa huohuo kwenye skrini, akaona mistari myembamba inayozunguka, akadhani ni uchakavu. Sasa aliitazama vizuri. Alama za kidole, zimelaliana, na kila moja imekatwa na mstari mweupe wa mshazari.

Mama akaweka kidole gumba chake kando ya mojawapo. "Baba yako alikuwa na kovu hili?"

Mwanawe alikishika kile kidole, akakigeuza, akakitazama tena. Alipofungua mdomo sauti ilikuwa ndogo. "Mbona hukusema, Mama?"

"Mbona hamkuniuliza?"

Akaanza kupapasa simu. Angewapigia wa mtamboni wasubiri, akasema, na moshi angeurudisha wote, picha za asili anazo.

"Wa ndani urudishe. Wa jalada nautia mwenyewe. Lete wino."

Wino ukaja. Mama akavuta nakala ya jalada, akachovya, akakandamiza. Alizipiga zile buti kwa nguvu mpaka meza ikalia, moja, kisha nyingine, na kamba zake. Moshi ukateremka hadi kwenye jina la mumewe, lililoandikwa chini kwa herufi kubwa. Hapo kidole kikasimama.

"Liache," mama akasema, akifuta mkono. "Langu liandike juu yake, herufi kubwa vilevile. Na mtu akikuuliza ule moshi ulitoka wapi, mwambie mama yako hakuwa amelala."