Mizani ya Pareto

Ilikuwa sauti ya ndoano ya mizani ikigonga pete: kwanza mara moja, kisha mara mbili kwa haraka. Nilikuwa kliniki, nikiandika uzito wa watoto kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kalamu ikaniponyoka. Muuguzi aliniuliza kama naumwa. Nikasema hapana, lakini wewe, rafiki yangu, sitakudanganya. Nilikuwa nimerudi Mufindi, miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa miaka kumi.

Shule yetu ya bweni ilizungukwa na mashamba ya pareto. Asubuhi ukungu ulilala juu ya maua meupe mpaka kengele ya pili, nasi tulichuma kwa vidole vilivyokufa ganzi, tukinusa moshi wa kuni za miwati na uji wa ulezi uliokuwa ukitokota jikoni. Jumapili uji ule ulitiwa sukari. Siku sita zilizobaki tuliizungumzia hiyo Jumapili.

Dada yangu, binti wa mama mkubwa, alikuwa mnene. Kwa bibi, huko Kilolo, unene wake ulikuwa sifa. "Huyu ndiye anayewaonyesha watu kwamba kwetu hakuna njaa," bibi alizoea kusema. Shuleni ukawa kosa.

"Gunia hilo linakuja! Pisheni, daraja litavunjika!" wasichana walipiga kelele tulipovuka kijito. Yeye alicheka kabla yao, ili kicheko kisiwe chao peke yao. Mimi nilicheka baada yao. Nimeifikiria mno tofauti ya vicheko hivyo viwili.

Siku moja kopo la sukari likakutwa nusu tupu. Mwalimu wa zamu hakumhoji mtu. Aliamuru mizani ya pareto iletwe uwanjani, ile ya kuning'iniza magunia, ambayo kila mwanzo wa mwezi ilitupima nasi pia ili wamisionari wajue kama chakula kinatosha. "Tumbo halijui kusema uongo," alisema. Atakayekuwa ameongezeka zaidi ndiye mwizi.

Ndoano ikagonga pete. Dada alining'inia, miguu ikitafuta ardhi, sweta lake la sufu likichuruzika, kwa kuwa mvua ilimkuta akiteka maji kwa zamu yangu. Alikuwa ameongezeka ratili nne, kuliko wote. Hakuna aliyetoa uzito wa maji ya sweta. Mimi, niliyekuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, nililijua hilo. Na nilijua zaidi ya hilo: sukari niliila mimi, kijiko baada ya kijiko, mimi niliyekuwa mwembamba kiasi kwamba mwalimu alinipita bila hata kunipima.

"Mwalimu, si mimi," dada alisema.

"Hebu jitazame kwanza, ndipo useme."

Uwanja mzima ukacheka. Alirudishwa nyumbani siku hiyohiyo, sanduku kichwani, na hakusoma tena. Mimi nilisonga mbele, darasa kwa darasa, mpaka nikafika chuo kikuu kusomea lishe.

Pareto ile imeng'olewa, pamepandwa chai. Bibi hayupo, na pamoja naye ametoweka mtu wa mwisho niliyemsikia akiutaja mwili wa dada kwa fahari. Sauti ya ndoano tu ndiyo imebaki vilevile, na safari hii mwenye kupima ni mimi.

Kesho yake baada ya kliniki nilikwenda posta, nikaomba kuunganishwa kwa simu na misheni moja karibu na Mbalizi, ambako dada ni mpishi.

"Kamwene, dada."

"Kamwene, mdogo wangu. Kuna msiba?"

"Hapana. Ile sukari ya shuleni, dada. Niliila mimi."

Nilisikia sufuria zikigongana nyuma yake.

"Nilijua. Nilikuona kanisani ukilamba vidole. Pale kwenye mizani nilikuwa nakutazama wewe tu, nikisema sasa hivi atanyoosha mkono."

Sauti ya opereta ikaingia katikati yetu. "Dakika tatu zimekwisha. Mnaongeza?"

Dada alijibu kabla yangu.

"Hapana, mama. Zimetosha."